Pasi za Nyapara

Voi, Jumapili usiku

Tumepigwa tena. Meneja wa shamba amesema tukifungwa na Wundanyi Jumamosi, kiwanja kitapandwa mkonge. Mpira ndio utakuwa umekwisha hapa.

Goti langu bado limevimba, kwa hiyo leo nilikaa pembeni na maharagwe mfukoni. Kila mara kiungo wetu Mwadime alipotoa pasi, nilitia haragwe moja kwenye mkebe. Ikimfikia mwenzetu, nilitia jingine kwenye mkebe wa pili. Mwakio, kiungo mwenzake, naye nilimhesabia hivyo hivyo, kwenye mikebe yake.

Watu wanamsifu Mwadime kwa sababu hakuna anayefikisha pasi nyingi kama yeye. Ni kweli. Lakini anatoa nyingi mno, na karibu nusu zinaishia kwa wapinzani! Mwakio alitoa chache tu, na zote zilifika isipokuwa moja. Hapewi mpira, basi.

Na nani atamnyima Mwadime? Ndiye nyapara wetu. Ndiye anayetugawia mistari ya kukata mkonge kila asubuhi, na ukimuudhi anakutupa kule mwisho, upande wa mlima Ndara, ukutane na ndovu peke yako.

Nilimwonyesha mke wangu, Wakesho, ile mikebe. Nikamwambia vijana wanaua timu kwa woga wao.

Wakesho akaitazama, kisha akaniuliza, "Na wewe, Baba Mghanga, goti likipona, mpira utampa nani?"

Nimeificha mikebe chini ya kitanda. Kesho alfajiri Mwadime anagawa mistari.