Yai la Baba

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Masikio yako yameamkaje? Kwa kuwa simu huisikii tena, nitakuandikia mpaka vidole viote sugu. Mimi mzima wa mwili, ila tangu tumzike Baba usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Nikifumba macho namwona pale mezani, ameegemea ukuta kama mtu anayesinzia, yai lililomenywa mkononi, amelimega mara moja tu.

Hapa hospitali, kwenye chumba cha kufulia, nina mwenzangu anayepiga pasi mashuka. Hakuna asichokijua, tunamwita Daktari wa Pasi. Nilipomsimulia habari za Baba aliweka pasi kando, akasema yai la kuchemsha huenda kuganda kwenye moyo. Mama, usile mayai tena. Nimebaki na wewe tu.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Masikio yapo, yananing'inia tu, kazi yameacha. Magoti hayajambo.

Barua yako imenichekesha peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Mimi nimepika shule ya bweni mpaka nikastaafu. Siku ya mayai watoto walijipanga kabla kengele haijalia, na sikuona hata mmoja akianguka, labda wale waliosukumana. Huyo Daktari wa Pasi mwambie anyooshe mashuka.

Lakini umeniomba, na najua kinachokuuma. Mayai ya kuku wangu sasa nampa jirani yetu, fundi viatu. Anakusalimu, bado yu hai. Mimi maharage yangu yananitosha.

Mama yako

11 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti je? Nimefurahi mpaka nikatokwa na machozi, ahsante kwa kunisikiliza.

Sasa usinikasirikie. Maharage nayo uyaache. Gesi yake inapanda kifuani na kuusukuma moyo. Maziwa yanajaza makohozi, machungwa yanakausha damu, mafuta usiyaguse kabisa. Chemsha mboga kwa maji matupu, na uji mweupe, basi. Shangazi yake Daktari wa Pasi anaishi hivyo na amekuwa mwepesi kama msichana. Najua unapenda kula, Mama, lakini fanya kwa ajili yangu.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo na kazi? Nimechelewa kukujibu, siku hizi kalamu ni nzito.

Nimefuata yote uliyosema. Sketi niliibana kwa pini, kisha nikaongeza pini nyingine. Juzi fundi viatu aliniletea maharage aliyoyaunga mwenyewe, harufu yake ikanifuata mpaka chumbani. Nilichota kijiko kimoja, nikasikia moyo unagonga, nikakirudisha bakulini. Alipoondoka nikawamwagia kuku.

Nina swali, unijibu kama mtu mzima. Lile yai la baba yako nililichemsha mimi. Nikalimenya mimi, nikampa mkononi. Kama ndilo lililomuua, basi mimi ni nani?

Mama yako

15 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na pole kwa uchovu. Usitishike, huo ni uchafu unatoka mwilini, Daktari wa Pasi anasema ndivyo inavyoanza. Vumilia kidogo. Na chumvi je, umeacha? Hayo mengine usiyawaze, utajipandisha presha bure.

Mwanao

30 Julai

Mama,

Hata shikamoo naionea haya. Kimya chako nilikichukulia kuwa umezoea. Leo fundi viatu amenipigia. Anasema ulianguka bombani, na alipokuinua aliona kama anainua kapu tupu.

Nilimkimbilia daktari wa wodini, daktari wa kweli, mashuka machafu yakiwa bado mikononi. Akauliza unakula nini, nikamtajia. Akauliza, "Nani aliyemkataza vingine?"

Nikamweleza pia jinsi Baba alivyokuwa akisimama njiani ameshika kifua, akidai anapumzika tu. Akasema moyo wa hivyo umeugua siku nyingi. Yai lilikuwa tu mkononi mwake, lingeweza kuwa gazeti. Hukumuua, Mama. Ulipouliza nilipaswa kukwambia hivyo, nami nikakuuliza habari za chumvi.

Kula. Kula kila kitu. Mwisho wa Agosti nimepewa ruhusa, nakuja. Nitachemsha mayai mwenyewe, nitakaa kwenye kiti cha Baba, nile mbele yako uone.

Mwanao

12 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma na kuirudia, nayo nimeielewa. Kichwa kimekubali. Fundi viatu akanichemshia yai, akaliweka mezani, akakaa kunitazama kama vile mimi nilivyokuwa nikiwatazama watoto wa shule. Nililishika mpaka likapoa. Nikalirudisha mezani. Akaleta supu, nayo ikarudi yote. Maskini, alitoka nje ili nisimwone uso.

Sikulaumu hata chembe. Uliogopa kwa ajili yangu, nami nikajifunza, na sasa sijui namna ya kuacha.

Njoo, kitanda chako kimetandikwa. Ila umesema utakaa kwenye kile kiti, ule yai. Usile, mwanangu. Nakupigia magoti, usile. Nimebaki na wewe tu.

Mama yako