Kitanda cha Watatu

Jumapili, 2 Juni 1996

Baada ya misa mama mkwe ametoa amri. Martini ahamie Bangwe kwa kaka yake Feliksi mpaka Tuyizere atembee. Atembee! Mtoto hata kukaa hajui. Anasema baba, mama na mtoto anayenyonya kulala kitanda kimoja ni kumbemenda mtoto — mume na mke wakikutana maziwa yanachafuka, mtoto anakonda mpaka anakwisha. Aliyasema huku anaparua samaki wake, migebuka, hakunitazama hata mara moja. Martini akajibu, ndiyo mama. Ndiyo mama! Mwanamume anabeba magunia bandarini kutwa nzima, mbele ya mama yake sauti inageuka ya kifaranga.

Lakini hahami mtu hapa.

Jumatatu, 3 Juni

Hakwenda. Nilimwambia, ukitoka na mto wako usirudi kufuata shuka. Akacheka, akapanda kitandani. Mtoto ukutani, mimi katikati, yeye ukingoni, mguu mmoja nje. Kitanda chenyewe futi tatu na nusu.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna kitu! Tangu nijifungue hajanigusa. Anarudi mgongo unamuuma, akishagusa godoro ni gogo. Tunasingiziwa asali ambayo hatujaionja.

Alhamisi, 6 Juni

Tuyizere hanyonyi vizuri. Anashika ziwa, analia, anaachia. Kliniki wamempima, amepungua. Mama mkwe hajui kusoma, lakini mstari wa kadi unaoshuka kila mtu anaujua. Mpaka jioni mtaa mzima wa Gungu ulishapata habari. Rozalia wa nyumba ya pili ananisalimia huku macho yako kwenye miguu ya mtoto. Lisemwalo lipo, anasema.

Kwetu Warundi wa Rumonge mke hasemi neno la kitanda mbele ya mama mkwe. Mwiko. Anatumwa shangazi, masenge. Anakwenda, anakaa, anakunywa pombe, anazunguka weee mpaka neno linafika bila mtu kuvunjiwa heshima. Mimi masenge nimtoe wapi? Kila aliyetoka kambi ya wakimbizi nimemuuliza, hakuna aliyemwona. Nimekosa hata wa kunisemea. Hilo limeniuma kuliko mdomo wa Rozalia.

Jumamosi, 8 Juni

Leo amekuja na jipya. Kama Martini hatoki, basi mtoto ndiye atoke, akalale chumbani kwake. Hakungoja jibu. Akambeba mgongoni, akafunga kanga, huyo! Nikamfuata uani. Nikafungua fundo la kanga kwa mkono wangu, nikamchukua mwanangu. Mkamwana kumshika mama mkwe nguo! Martini alisimama mlangoni, mikono imemning'inia.

Waseme sina adabu. Waseme Warundi hatukulelewa. Mtoto amelala ukutani kwake, pale pale.

Jumanne, 11 Juni

Nimerudi kliniki. Muuguzi alimfungua kinywa tu, akaona — ulimi wote utando mweupe. Fangasi. Kumbe akinyonya anaumia, maskini. Wamempaka dawa ya zambarau, midomo yote zambarau. Nikampitisha barazani kwa Rozalia makusudi, polepole.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema dawa ya kinywa ni ya kinywa, na kubemenda ni kubemenda.

Hapo nikavunja mwiko. Nilikaa chini mbele yake, bila shangazi, bila pombe, nikasema kwa mdomo wangu.

"Mama, mwanao hajanigusa tangu nijifungue."

Akajifunika uso kwa kanga. Nikaendelea. Nilimweleza usiku ule wa mwaka 93. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba, kila mtu na chake, baba akijivunia. Walipokuja wauaji, kila mmoja akatokea dirisha lake, kwenye giza lake. Mimi nikafika ziwani peke yangu. Mama alikuwa analala chumba cha mlangoni, kwake ndiko walikoanzia.

"Ndiyo maana tunalala pamoja. Wakija tena, sitaki kumtafuta mtu. Nataka ninyooshe mkono niwakute wote wawili."

Aliondoka kwenda kugeuza samaki wake juani. Martini anasema nimemwaibisha mama yake. Inawezekana. Na leo pia anapanda kitandani.

Jumatano, 12 Juni

Ananyonya! Asubuhi amenyonya mpaka kasinzia na ziwa mdomoni, limejaa zambarau. Nilicheka peke yangu.

Shikamoo yangu mama mkwe ameiitikia kwa mbali.

Sasa hivi, chakula kimekwisha tu, ameingia chumbani kwetu bila hodi. Ana mkeka, mto na blanketi. Nikajua vita imefika! Nikamkumbatia mtoto, nikakaa katikati ya kitanda. Martini akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama yake wala hakututazama. Alisukuma komeo, akalijaribu mara ya pili, akatandika mkeka chini, pale mlangoni kabisa.

Nikamwambia mama, sakafu ina baridi, nyumba si ina chumba chako? Akasema nilaze mtoto wangu.

Kesho Rozalia atatangaza kwamba bibi anatuchunga tusibemende. Pengine ndiyo hivyo. Nimemuuliza Martini kwa macho, ameinua mabega. Mama mkwe amelala ubavu, mgongo umeegemea mlango. Hauwezi kufunguka bila kumgonga yeye kwanza.

Ameuliza, bila kugeuka, mama yangu alikuwa analaza kichwa upande gani.

Nimemwambia upande wa bawaba.

Ameinuka, amehamishia mto wake huko.