Zinashikana Zikiwa Zimelala

Jumatatu, 2 Februari 2015
Kufagia labo ya kemia, kupangusa meza, kumwaga takataka, basi hadi nyumbani Black Rock. Nimechoka. Asubuhi nilimkuta Furaha wangu, miaka minne, amesimama pekupeku mlangoni. Mkono kwenye kitasa. Macho wazi, hanioni. Nje theluji imefika dirishani. Ameanza hivi tangu mama wa shirika la wakimbizi aseme kila mtoto alale kitanda chake. Kambini yeye na ndugu zake wawili walilala mkeka mmoja. Nilitii.

Jumatano, 4 Februari
Nimekosea. Nilifunua visahani viwili vya fuwele nipanguse vumbi, nikasahau kuvifunika. Jua likapiga. Zilikuwa sindano nyeupe, nyembamba. Niliporudi, sahani moja imekuwa ya bluu. Haikuyeyuka, haikusogea. Bluu tu, kama kuna mtu ameingia humo. Nyingine nyeupe vilevile. Nikavifunika haraka.

Alhamisi, 5 Februari
Nimemwambia Jules wa Bukavu, anayepima vitu pale labo. Kacheka. "Mama Furaha, umetumalizia kazi ya kesho." Bon, akanieleza. Sahani zote mbili ni unga ule ule, ila katika kila moja ulikaushwa kivyake. Kwenye ile ya bluu, chembe zimelala karibu karibu, zimeinama upande mmoja. Mwanga ukizigusa, kila moja inashika jirani yake bila kuamka. Zinakuwa uzi mmoja, ndio ile bluu, nao unafuata upande zilikolala tangu mwanzo. Zile nyeupe zimelala vibaya, mbali mbali. Jua lipige siku nzima, hazishikani.
Donc kulala ndiko kunaamua. Nikawaza mkeka wa kambini.

Ijumaa, 6 Februari
Furaha kavuka mlango. Jirani wa ghorofa ya juu kamkuta kwenye ngazi za nje, amesimama usingizini, kanirudishia. Miguu ya bluu. Nilimsugua hadi akalia. Nikamuuliza: unaenda wapi, mama? Kanijibu kwa Kiingereza: anawatafuta wenzake. Wenzake walikuwa chumba kile kile, vitanda vya ukuta wa pili.
Nina hasira na yule mama wa shirika. Zaidi na mimi.
Vitanda nimevitoa. Godoro chini, watatu sambamba, vichwa upande mmoja, Furaha katikati.

Jumapili, 8 Februari
Theluji ya mlangoni haina alama ya mguu. Jana pia.
Nimewakuta wameshikana mikono, wote wamegeukia ukuta, wanapumua pamoja kama mtu mmoja. Nilijaribu kufungua vidole vya Furaha, nimvalishe nguo ya kanisani. Havikufunguka. Hakuamka.
Mama wa shirika akija kuuliza vitanda, nitamwambia hapana, havirudi.
Nimelala pembeni yao, kichwa upande wao. Kanisani tutachelewa.