Nilipochagua Kusomea Eksirei

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa Toronto sote tu wazima. Mjomba wako amehamia Brampton. Umeniuliza kama stashahada ya eksirei inastahili gharama yake.

Nilipopata nafasi ya kuisomea, mchumba wangu Yusufu alikuja kwangu, mtaa wa St. James Town hapa Toronto. Alisimama mlangoni, hata koti hakuvua.

"Miaka miwili siwezi kungoja," alisema. "Chagua leo."

"Basi nitasoma," nikamjibu.

Hakurudi tena. Nililia muhula mzima.

Baadaye niliolewa na babu yako. Alipofariki, mama yako alikuwa darasa la pili. Mshahara wa eksirei ulitulipia kodi, na hatukuhama.

Gharama yako utaipima mwenyewe, mama. Nipigie ukishaamua, vyovyote utakavyoamua.

Bibi yako,
Salma