Soksi Isiyo na Moto

Dada yangu,

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na kazi ya kufagia theluji pale stesheni bado ninayo. Lakini leo nimeona maajabu, tena kwenye duka la soksi!

Nilimwomba mama muuzaji pea nene kuliko zote, maana navaa tatu kwa mpigo ndani ya buti na bado miguu ni barafu. Akashika kichwa. "Mwanangu, ukiibana miguu hivyo damu itapita wapi?" Akachukua pea moja ya sufu, laini kama shavu la mtoto, akaniambia niingize mkono nitulie.

Nikatulia. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu joto likaanza kuja polepole, kama mtu anayekupumulia kiganjani.

"Mama, humu moto umefichwa wapi?"

"Humo hamna moto. Hilo joto ni lako mwenyewe. Soksi inalishika tu lisitoroke."

Dada, nilisimama pale mdomo wazi. Kumbe siku zote nazunguka na moto wangu, na mimi kazi kulia baridi!

Nimezivaa. Vidole vimeamka, vinawasha, vinacheza. Vyote tisa.

Ndiyo, tisa. Kile kidogo cha kushoto, ulichokuwa ukikipuliza utotoni ukikiita kitinda mimba mwenzangu, kiliuawa na baridi, daktari akakikata mwezi uliopita.

Mama usimwambie. Mwambie tu mwanawe anatembea na moto wake.

Mdogo wako,
kitinda mimba aliyebaki