Neno Ulilokataa Kulitamka

Mama,

Nimefika Mutaho jana mchana kutoka kwako Gashoho, na mpaka sasa sijafungua mfuko wangu. Baba ameniuliza mara mbili kama nilikula njiani. Nimemjibu ndiyo, halafu nikamjibu hapana. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama njia ya kwenu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua chako kilikuwa cha sokoni tu: chumvi, sabuni, punguza kidogo, basi. Lakini Kirundi changu cha kuandika bado ni kibovu, na leo sitaki kukosea hata neno moja. Mimi na wewe tumekwisha kukosea maneno ya kutosha. Rafiki yako Konsolata ameniahidi kwa simu kwamba nikiileta barua hii atasimama kaburini na kukutafsiria.

Juzi ilikuwa siku ya kuganduka, siku ya kumaliza msiba wako. Mwaka umepita. Nilikuja na kikapu cha maharagwe kichwani kama watu wengine, nikakaa nyuma kabisa na wanawake wa kilima cha pili, kwa sababu sikujua kama bado mimi ni mtu wa nyumba ile. Nilipanga kusali, kula, kuaga, na nisikanyage tena Gashoho maisha yangu yote. Hapo ndipo Konsolata aliponishika mkono.

Lakini ngoja nianze mbali kidogo. Nikianza na aliyoyasema nitalia, na karatasi ninayo hii moja.

Unakumbuka siku mwanao Nestori aliponileta kwako? Nilikuwa na viatu vyeupe, vimekwisha kuwa vyekundu kwa udongo. Akasema, "Mama, huyu ni Subira." Ukanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, ukamwuliza, "Amefika sasa hivi, mbona mnamwambia arudi?" Ua zima likacheka. Mimi nilicheka wa mwisho, baada ya Nestori kuninong'oneza maana. Kule Tanzania, kambini nilikozaliwa, jina langu lilikuwa jina la heshima, la mtu anayevumilia akiingoja heri. Nikavuka nalo mpaka pamoja na baba, na kwa Kirundi likageuka kuwa amri: rudi, rejea ulikotoka. Jina gani hilo kwa mtu aliyetoka ukimbizini. Watoto wa Mutaho walikuwa wamekwisha kuniimbia nyimbo nalo. Nilidhani kwenye ndoa litapumzika.

Tangu siku ile hukulitamka tena. Miaka tisa, Mama. Uliniita Mugeni. Kwangu mimi mgeni ni mtu wa kupita, anayepewa kiti leo na kesho anasindikizwa. Nilipokuja kujua kwamba kwenu neno hilo maana yake ni bibi harusi, haikunisaidia. Nani huitwa bibi harusi miaka tisa, tena mumewe amekwisha kufa? Nikasema moyoni, huyu mama ananikumbusha kwamba sijawa wa hapa.

Na kanisani. Shemasi aliposoma majina ya wanakwaya, akikaribia langu ulikuwa unaanza kukohoa. Kila Jumapili. Wanakwaya wakafanya mzaha, wakaniambia mama mkwe wako anaugua kifua cha jina lako. Nilicheka nao, nikaenda kulia nyuma ya kanisa. Siku mtoto wa shemeji yangu Melkioli aliponiita kwa jina akiwa shambani, ulimchapa kofi. Mtoto alishangaa kuliko mimi.

Asubuhi nilipokuwa nasugua masufuria, wewe ulikuwa unasimama kwenye migomba nyuma ya nyumba na kusali kwa sauti ya chini. Sikupata maneno yote. Nilichopata ni "subire, subire", linarudi na kurudi. Basi nikajua. Huyu mama hataki kuniita mbele ya watu, lakini mbele ya Mungu ananitaja, anaomba niondoke.

Halafu Nestori akafa. Homa, siku nne, mwaka wa tatu wa ndoa yetu, na mtoto hatukuwa naye. Wewe unajua inavyosemwa juu ya mjane asiye na mtoto kwenye kilima ambacho ardhi imebana. Melkioli ana wavulana wanne. Wiki nzima ya msiba uliweka mkeka wako mlangoni kwangu, ukala pale, ukasali pale, ukanyoosha miguu kuziba njia. Aliyetaka kuongea na mimi ilimbidi airuke miguu yako, na hakuna aliyethubutu kuiruka. Nilidhani unanilinda nisitoroke na redio ya Nestori na yale mablanketi mawili. Kwa hasira nikayakunja nikakuletea. Ukayapokea, ukayakalia.

Sasa siku ya mwisho. Hospitali ya Muyinga, alasiri, mimi upande huu wa kitanda na Melkioli upande ule. Ulikuwa hujasema kitu tangu asubuhi. Ukafungua macho, ukanitafuta, ukaniona, na ukasema wazi kabisa, kama mtu aliyekuwa akijifunza:

"Subira."

Nikaganda. Melkioli akasema, "Umesikia mwenyewe. Mama amesema urudi kwenu."

Hukusema tena. Jua halijazama ulikuwa umekwenda. Tukakuzika, siku za msiba zikaisha, nikabeba mfuko wangu nikaja kwa baba. Mwaka mzima nimeishi na jambo hilo: kwamba miaka tisa ulilibana jina langu, na nguvu zako za mwisho ukazitumia kunifukuza. Niliacha kusali, Mama. Nilikuwa naenda kanisani na kukaa kama gunia. Mchungaji wetu akisema kwamba ndani ya taabu Mungu huweka baraka, nilikuwa natazama dirishani.

Basi juzi Konsolata aliponishika mkono, alinivuta mpaka nyuma ya jiko. Huyo rafiki yako wa Kivu sikumjua vizuri. Nilijua tu kwamba anauza vitenge karibu na maharagwe yako sokoni, na kwamba mlikuwa mnasali pamoja Jumatano. Aliniuliza kwa nini nilikimbia. Nikamweleza, kwa ukali kidogo. Akaweka sahani yake chini.

"We Subira, ulifikiri alikufukuza? Mama ule alikuwa anakuita."

Akaniambia yote. Kwamba siku ile Nestori aliponileta ulicheka na watu, kisha ukaingia ndani ukaogopa. Ulisema kwenu jina ni maneno ya mzazi, na mzazi akimwita mtoto "rudi", mtoto atarudi tu. Ukaahidi mbele ya Mungu kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwako, na hakuna atakayelisema uani kwako, usije ukamfukuza mkwe wako mwenyewe kila unapomwomba alete maji. Kwamba Nestori alipokufa na watu wa ukoo wakaja kukuomba useme neno moja tu, lile lile, ili niende zangu, uliwaambia mdomo wako haulijui. Na kwamba maombi yako kwenye migomba yalikuwa "ntasubire". Asirudi. Asiondoke kwangu. Ile silabi ya mbele, Mama. Ilikuwa fupi, na mimi nilikuwa nasugua masufuria. Miaka tisa sikuisikia.

Halafu akaniambia jambo la mwisho. Wiki moja kabla hujapelekwa hospitali ulimwuliza, hivi lile jina la Mugeni, la kwao, kwa Kiswahili lina maana gani? Hukuwa umemwuliza mtu yeyote. Akakueleza. Anasema ulicheka mpaka ukashika mbavu, kisha ukalia. Ulisema umemnyima binti yako jina zuri hivyo kwa ujinga wako, na kwamba utaniita, hata mara moja.

Ukaniita. Na mimi sikuitika.

Melkioli alikuja jikoni kuchukua maji akatukuta pale. Konsolata hakumwogopa. Akamwuliza mbele yangu, ile sheria ya mama yenu juu ya jina hili, we uliijua ama hukuijua? Alisimama na jagi mkononi. Nilitaka aseme hakujua. Ingekuwa rahisi kwa sote.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilisikia nilichotaka kusikia."

Alisema pia kwamba chumba changu na Nestori hajampa mtu. Wakati wa mavuno aliweka mahindi humo, hakulala vizuri, akayatoa yote. Watoto wake wanauliza habari zangu. Hakuniomba msamaha kwa neno, alibaki tu pale, maji yakimwagika kwenye viatu. Niliondoka bila kuaga, nikapanda gari, na kutoka Muyinga mpaka Gitega sikuona hata kilima kimoja.

Mama, sijui niseme nini na Mungu. Nilimwomba miaka tisa akufanye unipende. Jibu lilikuwa limekaa mlangoni kwangu juu ya mkeka, linakohoa kanisani, linachambua maharagwe na kujiwekea yenye vidudu. Nilikuwa nalila jibu hilo kila jioni huku naendelea kuomba. Sitasema kifo cha Nestori kilikuwa baraka. Siwezi, na sidhani Mungu anataka niseme hivyo. Lakini bila siku zile nisingejua kamwe kwamba kuna mtu anaweza kunyoosha miguu yake mlangoni kwa ajili yangu.

Na hata uongo wa Melkioli. Nilipofika hapa mwaka jana nilimkuta baba mguu umevimba, hawezi kusimama, peke yake, anakula viazi vibichi kwa kukosa wa kuwasha moto. Hakuwa amenitumia habari. Kama nisingefukuzwa ningepigiwa simu ya kuja kumzika. Leo anatembea mpaka sokoni na kurudi, na kulalamika. Nani alipanga hayo? Mungu wa namna hii ananishtua. Nampenda, lakini leo namwogopa kidogo.

Asubuhi nilimweleza baba. Alikuwa amekwisha kunipimia kipande cha shamba karibu na mikaratusi, anataka nikae. Hapa ni rahisi, Mama. Hapa hakuna mtu wa kusamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachora chini na fimbo yake. Kisha akauliza, "Na ukiitwa na mkubwa, wewe nilikufundisha kufanya nini?"

Nikasema, kuitika.

"Basi," akasema, na akaenda kuangalia mbuzi.

Nitaondoka Jumatatu. Baba amesema mguu wake ni wake, na mpwa wangu atahamia hapa. Nitapanda gari mpaka Gitega, kisha Muyinga, na kutoka barabarani nitapanda baiskeli mpaka uani kwako. Nakuahidi mambo mawili. La kwanza, nitamsalimu Melkioli kabla yeye hajanisalimu, nimpe mkono, na habari ya siku ile tutaizungumza mara moja tu, tumekaa, kisha tutaiacha. Sijui kama moyo utakubali haraka. Mkono utatangulia. La pili, nitasimama kwenye migomba asubuhi, mahali pako, nisali kwa Kirundi changu kibovu, nimtaje yeye na wavulana wake wanne mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, asiwepo mtu wa kubahatisha ninaomba nini.

Pumzika, Mama. Yesu aliyejua maana ya maombi yako siku zote akutunze mpaka tuonane. Nisamehe kwa kukaa kimya pale kitandani. Uliniita vizuri, ulilitamka sawasawa, hukukosea hata kidogo.

Abee, Mama. Nimechelewa mwaka mzima, lakini nimeitika. Nakuja.