Ile Muziki Yako ya Matanga

Sista Awino,

Neema amelia tangu asubuhi. Amekataa uji, amekataa mgongo wangu, anataka mama tu. Nimechoka, sista. Leo nimempigia kelele, mtoto wa miaka mitatu, halafu nikakaa chini nikalia na yeye.

Simu yako iko hapa kwa meza. Naichaji tangu tukuzike, na sikuwa nimethubutu kuifungua. Najua kilicho ndani: ile piano na violin uliyotoa Kawangware, kwa yule mwalimu wa muziki uliyekuwa ukimfulia. Mimi nilidhani ni vitu vya wazungu wa kitambo. Ukanicheka. "Wee! Aliyeitunga ako hai, hata hana mvi."

Unakumbuka siku ya kwanza uliiweka hapa mtaani kwetu, Raila? Haina maneno, inaenda polepole, kama ile redio huweka mkubwa akifa. Majirani wote wa ploti wakajaa mlangoni. Jirani yetu Mama Otis alikuja amejifunga leso, tayari kulia: "Nani amekufa?" Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini pumu ikikubana, ni hiyo ilikuwa inakutuliza. Unafunga macho, unapumua nayo, Neema amelala kifuani. Ploti ikazoea.

Hapo ndipo tulikosea. Hiyo mchana pumu ilikuchukua, nilikuwa nje nafua. Nikaisikia ikianza, nikasema, aah, sista ametulia. Nikaendelea kusuuza. Ikaisha, ikaanza tena, mara ngapi sijui. Hakuna mtu alikuja kuuliza. Hata mimi. Nisamehe, Awino. Nilikuwa hapo tu, kwa kamba ya nguo.

Sasa leo nimeiweka. Nikataka kuizima kabla violin haijaingia. Neema akanyamaza. Akapanda juu yangu, akaweka sikio pale alikuwa anaweka kwako. Nikasikia pumzi yangu ikishuka, polepole, mara ya kwanza tangu uende. Amelala.

Mama Otis amepita, akasimama mlangoni. "Mko sawa humo, Mama Neema?"

Ameniita jina lako, sista. Nimeshindwa kumwambia huyo si mimi.

Wacha nikuache upumzike. Nitaiweka kila Neema akilia, na mlango sitafunga. Na nikiisikia kwa nyumba ya mtu yeyote, nguo zitangoja kwa maji. Nitaenda niulize.

Ni mimi, Atieno wako.